Diski Isiyouliza

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Giteranyi hadi Gitega, katika mtaa wa Yoba, kuketi mkekani pamoja na Mwajuma, kwa sababu mumewe Swedi alikuwa ameaga dunia. Nilifika mazishi yamekwisha. Wanawake walinipisha mahali karibu na ukuta, nikaletewa chai ya tangawizi, nikainywa nikiwa nimeelekea mlango wa chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa karakana na sasa kimejaa magunia ya mchele. Mwajuma aliniinamia akanong'ona, "Mama Neema, humu nchini tumebaki mi na we." Hakusema tumebaki katika jambo gani, wala sikumwuliza, maana sote wawili tulikuwa tukitazama pembe ile ile ya chumba. Niliporudi nyumbani nilimwita mjukuu wangu Divine, nikamwambia alete mashine yake aketi. Sikuingia darasani hata siku moja, na sitaki kuhurumiwa kwa hilo. Mimi nitasema, yeye ataandika, na hatapamba. Yupo mtu mmoja ambaye jina lake sitalitaja, na upande aliopigania vitani sitautaja pia, kwa kuwa vita vile vilikuwa na pande nyingi na kila upande ulikuwa na mtu wa namna yake. Watu walimwita Kapiteni, nami nitamwita hivyo. Divine ameniuliza kama bado yu hai. Nimemwambia aandike.

Ulikuwa mwaka wa kurudi. Malori yalituteremsha na magodoro, masufuria na mabati tuliyoyang'oa katika mapaa ya kambi huko Tanzania, na kila tulipopita watu walitutazama kama wanavyotazama mvua iliyokuja nje ya msimu: hawajui waishukuru au waanue nguo. Giteranyi tulikuta shamba letu limelimwa vizuri na watu wengine. Walitupa viti. Walitupa maharage. Walitulisha kutoka katika udongo wetu wenyewe, na hapakuwa na aliyekuwa akitafuna pale bila kulijua jambo hilo. Tukaambiwa tusubiri wazee waamue. Nilikuwa na binti yangu Neema, ambaye ndiye mama yake Divine, na huyo sitamsimulia kwa kuwa alikuwa mdogo mno kuelewa; na nilikuwa na mdogo wangu Silasi, ndugu pekee aliyenisalia. Katika mwaka huo nilikuwa na nia moja tu, nayo niliitaja katika kila sala: Silasi azeeke katika nchi hii na azikwe humu, asiwe mtu wa kubeba godoro kutoka mpaka mmoja hadi mwingine maisha yake yote.

Kusubiri hakushibishi. Silasi alikwenda Gitega akapata kazi kwa Swedi, nami nikamfuata pamoja na Neema ili niwapikie. Swedi alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu wa kicheko kikubwa, fundi wa redio na simu, ambaye alikuwa amenunua kompyuta kuukuu zilizotoka Ulaya na hakujua afanye nini nazo. Silasi alijua. Kambini kulikuwa na karakana ya kompyuta za msaada, na humo alikuwa amejifunza mfumo unaoitwa Linux, akaupenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alinieleza hivi, nami sijapata maelezo bora hadi leo: programu nyingi ni kama kisima chenye kufuli, ambacho mwenyewe anakuuzia maji na hakuruhusu uchungulie ndani, lakini Linux ni chemchemi ya bondeni. Aliyeitandika mawe hadai kitu. Ukitaka kuchota, chota. Ukiona tope, zibua, na atakayekuja nyuma yako atakuta maji safi. Nilimwuliza ni mjinga gani anayetandika mawe kwa ajili ya watu asiowajua. Alicheka akasema, "Dada, ni wengi sana, na wengine wako nchi ambazo sisi hatujawahi hata kukimbilia."

Chumba kile ninakiona hata sasa. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na bawaba zake bado zilikuwapo, kwa hiyo nguo za watu wasio waangalifu zilichanika hapo. Kulikuwa na harufu ya lehemu na ya vumbi lililopashwa moto, na mlio wa feni ndogo ndani ya mashine, ambao Mwajuma alisema unamfanya ahisi kama nyumba ina homa. Mimi nilipika asubuhi, ugali wa muhogo, maharage, na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, walipopatikana. Jioni ilipokaribia nilifungua vifuniko vya kompyuta na kuyapangusa matumbo yake kwa brashi. Makarani wa mjini walikuja na vidubwasha vyao vya kuhifadhia kazi, wengine machozi yakiwalengalenga, kwa sababu virusi vilikuwa vimeficha mafaili yote. Silasi alivichomeka katika mashine yake ya Linux, na mafaili yakaonekana, yamekaa pale pale, hayakuwa yamekwenda popote. Swedi alitamba kwa wateja kana kwamba mfumo ule alikuwa ameuzaa yeye.

"We Silasi," alimwambia siku moja tukiwa tunakula, "iyi kitu yako virusi haviigusi, haizeeki, haiombi kitu. Sasa mbona haiko na bei?"

"Kwa sababu haina mwenyewe, kaka."

"Kitu bila mwenyewe!" Swedi alilamba vidole. "Huku Burundi, kitu bila mwenyewe iko na wenyewe kumi. Uliza shamba lako."

Tulicheka sote. Mwajuma alicheka hata akamwaga mchuzi. Ninaukumbuka mchuzi ule ukitiririka mezani na hakuna aliyeinuka kuupangusa, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimeisha upesi kuliko tulivyotarajia.

Sasa sharti nieleze jinsi Silasi alivyofanya kazi, kwa maana msiba wetu ulianzia hapo, na ni watu waliotoka tulikotoka tu ambao wangeweza kuuanzisha. Kambini, kila kompyuta ilikuja kutoka kwa watu wa mbali ambao hawakuitaka tena. Ndani yake mlikuwa na mambo ya ofisi za watu wasiojulikana, na mwalimu wa karakana alikataza kuyatazama. Alikuwa ametengeneza diski ambayo haikuuliza swali lolote. Unaiingiza, unawasha, unakwenda kunywa uji wako; ukirudi, mashine ni mpya, tupu, safi, inakungoja. Haikuuliza lugha, haikuuliza jina, haikuuliza kama kuna kitu cha thamani ndani. Vijana wote waliofunzwa pale walifanya hivyo bila kufikiri, kama mwanamke anavyosuuza sufuria kabla ya kupika. Kambini kitu hakikuwa na jana. Hata sisi wenyewe tulikuwa tumeingia kwa lango lile tukapewa kadi, na aliyetupa hakutaka kujua zaidi. Silasi alirudi Burundi na diski hiyo katika soksi, akaendelea kuitumia, na kwa miezi mingi haikumdhuru mtu, kwa sababu kompyuta za Swedi nazo zilikuwa za wageni.

Kapiteni alikuja asubuhi ya siku ya soko. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage kutoka Gashoho, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu visivyo na tope ingawa mvua ilikuwa imenyesha. Alibisha hodi kwa upole, akaniamkia kwanza mimi, akaweka kompyuta yake ya kukunja juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto.

"Swedi, iyi mashine imekuwa mzee," alisema. "Inachelewa kuamka, kama mi. Iko na mavirusi. Muniponyeshee, nitapita nikitoka soko."

"Itapona, Kapiteni!" Swedi alisema. "Niko na daktari kutoka Tanzania."

Kapiteni alimtazama Silasi kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. "Rapatriye, mtu wa kurudi? Bon. Karibu kwenu, kijana." Kisha akatoka. Silasi aliingiza diski, akaiwasha mashine, akanawa mikono, akaja kula.

Kapiteni aliporudi kutoka sokoni, sote tulikuwa chumbani. Silasi alimwonyesha kwa furaha jinsi mashine ilivyoamka haraka. Alimweleza kuhusu chemchemi na mawe, na kwamba virusi havitamsumbua tena. Kapiteni alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza hata mara moja. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole, "Bon. Na harusi ya binti yangu iko wapi?"

Nilimwona mdogo wangu akielewa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokewa na damu kwa utaratibu kama ule. Feni za mashine zililia. Kapiteni aliketi, akatueleza kwamba binti yake alifariki wakati wa kujifungua, na kwamba kamera iliyopiga picha za harusi ilikwisha kupotea, "donc, picha ni zile tu. Zilikuwa humu." Silasi alisema, akigugumia, kwamba zinaweza kurudi, kwamba mashine ikifuta haiondoi kitu, bali huondoa jina lake tu, na kitu chenyewe hubaki pale kilipo hadi kingine kije kukikalia mahali pake. Nilipomsikia akisema hivyo nililiona shamba letu la Giteranyi mbele ya macho yangu, na nikatamani anyamaze.

"Kumbe," alisema Kapiteni. "Haiondoki." Alifikiri kidogo. "Tafuta, basi. Mi siko na haraka."

Mtu anayekasirika huishiwa na hasira. Hilo nililijua, na ningeweza kulivumilia. Mtu asiye na haraka ndiye wa kuogopwa. Tangu siku hiyo Kapiteni alipita kila alipokuja Gitega. Aliketi katika kiti kilichokuwa karibu na mlango, hata mtu akitaka kutoka sharti aombe njia, na alikaa pale akimtazama Silasi akifanya kazi. Alikula chakula changu na kukisifu. Alimletea Neema biskuti. Aliuliza maswali madogo madogo, ambayo kila moja lilikuwa la heshima, na yakikusanywa pamoja yalikuwa kama kamba.

"Mama Neema, nyinyi ni watu wa Giteranyi, sindiyo? Kilima gani?"

Nilimtajia.

"Ah, pale. Kuna njia inateremka mtoni, na upande wa kushoto kuna mawe makubwa."

"Unapajua, Kapiteni?"

"Nilitembea sana," alisema, na akaomba nimwongezee maharage.

Nikiwa jikoni nilisikia mara nyingi Swedi na Mwajuma wakizozana nyuma ya pazia. Mwajuma alisema watu wa kambi wameleta mkosi nyumbani mwake. Swedi alimjibu kwamba kabla ya watu wa kambi nyumba hiyo ilikuwa haina hata sukari. "Sukari!" Mwajuma alisema. "Utaikoroga mu chai ya matanga yako." Wateja nao walipungua. Hakuna aliyewakataza kuja. Walikiona kiti kile kina mtu, wakakumbuka shughuli nyingine. Nami nilianza kumwambia Silasi maneno makali, na hayo siyajutii. Nilimwambia azirudishe picha za mtu, amwombe radhi kwa magoti, na asitie mkono wake tena katika kitu ambacho mwenyewe yu hai.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu. Silasi alikuwa na programu nyingine, nayo huria kama Linux, ambayo hupita juu ya diski ya mashine polepole, kama mwanamke anayeokota mabaki ya maharage shambani baada ya mavuno, na kila picha inayoikuta inaiweka pembeni. Picha hizo hazina majina wala mpangilio. Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika alianza upya. Kisha, siku moja baada ya chakula cha mchana, aliniita kwa sauti kubwa, nikaja na ungo wa mchele mkononi. Bibi harusi alikuwa pale katika kioo. Alikuwa na vazi jeupe lililokuwa kubwa kidogo mabegani, na alikuwa akicheka na mtu asiyeonekana. Swedi alipiga makofi. Mwajuma alitoka nyuma ya pazia akasema, "Masikini, alikuwa mzuri," na kwa muda mfupi sote tuliamini kwamba mambo yamekwisha. Picha ziliendelea kuja: ngoma, watu wakila, wazee na mirija yao ya pombe, mama mmoja akijifuta machozi. Tulisogeza viti tukatazama kama watu walioalikwa.

Halafu ikaja picha ambayo haikuwa ya harusi. Nilidhani ni watu wamepumzika barabarani. Walikuwa wanaume, wameketi chini kwa mstari, migongo yao kwa mwanga, na ilinichukua muda kutambua kwamba hakuna mmoja wao ambaye mikono yake inaonekana. Nyuma yao nyumba ilikuwa ikitoa moshi. Mbele yao alisimama Kapiteni, kijana zaidi, mwembamba, akimtazama mpiga picha kama mtu anayetaka kazi imalizike aende kula. Ikaja nyingine ya mahali hapo hapo. Katika hiyo, wale wanaume hawakuwa wameketi tena. Sitasema zaidi ya hapo, na Divine asiniulize.

"Funga," alisema Swedi. "Silasi, funga iyo kitu."

"Hizi hakuziomba," Silasi alisema taratibu. "Hizi alizifuta mwenyewe, zamani. Programu haijui tofauti. Imeokota vyote."

"Nimesema funga! Mi niko na watoto!"

Mwajuma alikuwa amekwisha kukimbia. Nami nilisimama na ungo wangu, nikaelewa jambo ambalo Silasi alikuwa bado hajalielewa, kwa kuwa yeye alifikiria wale wanaume, na mimi nilimfikiria yeye. Kapiteni alikuwa ameambiwa kwa kinywa cha mdogo wangu kwamba kilichofutwa hakiondoki. Tangu siku ile ya kwanza alijua kitakachookotwa. Hakuwa akikaa katika kile kiti kungoja picha za harusi tu.

Tulibishana hadi umeme ukakatika. Niliamuru: mpe mtu harusi yake, na hizo nyingine zifute kwa namna ya kufuta ambayo hairudishi kitu. Silasi alisema namna hiyo ipo, ni kuandika sifuri juu ya kila kitu hadi pasibaki alama. Lakini hakuinuka kuifanya. "Wale wana mama zao, dada," alisema. "Huenda yuko mmoja anayemwekea mwanawe chakula mpaka leo." Nilimjibu kwamba na mimi ninamwekea mtu chakula, na mtu huyo ameketi mbele yangu akiwa bado na mikono miwili. Alinitazama, akainamisha kichwa, akasema, "Nitafuta." Nilimwamini kwa kuwa nilihitaji kumwamini.

Kapiteni alikuja wakati wa adhuhuri, Swedi akiwa ametoka tu msikitini. Safari hii alibeba kidumu cha maji ya ndizi, matamu, yasiyochachushwa, akasema amechagua hayo kwa kuiheshimu nyumba ya Kiislamu. Silasi alimfungulia mashine. Kapiteni alitazama harusi yote, picha baada ya picha, na alipofika kwa yule binti anayecheka aliweka kidole juu ya kioo akakiacha hapo. Alilia. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kweli haipunguzwi ili hadithi iwe nyepesi. Alitoa leso, akajipangusa, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. Kisha akaomba vikombe.

Sharti msomaji wa mbali ajue desturi yetu. Mtu akileta kinywaji, au akimkaribisha mwenzake kinywaji, yeye mwenyewe ndiye huonja kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane kwamba hakuna kibaya ndani. Hakuna anayeombwa kufanya hivyo. Hufanywa tu, kama kufumba macho unapopiga chafya. Na waliokunywa pamoja baada ya ugomvi wamekwisha kuumaliza: hawashtakiani tena, wala mmoja hasimami mahali kumsema mwenzake. Kapiteni alimimina vikombe vinne, akampa Swedi, akampa Silasi, akanipa mimi, akabaki na chake. Hakuonja. Alikishika tu, akatungoja.

Hakuna aliyesogea. Swedi alikuwa akitazama ndani ya kikombe kama mtu anayetazama ndani ya kisima alimoangusha kitu. Nilijua kwamba kukataa ni kusema, tumeziona. Nilijua pia kwamba kunywa bila kuuliza ni upumbavu. Nikasema, "Kapiteni, mwenye kuleta ndiye huonja."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Mama Neema! Miaka yote Tanzania, na hukusahau." Alikichukua kikombe changu mkononi mwangu, si chake, akanywa funda moja, akanirudishia. "Haya. Sasa niambieni. Mu mashine, hakukuwa kitu kingine?"

Nilikunywa. Nilikunywa kikombe chote, bila kupumua, na nilipomaliza nilikigeuza ili aone. Hilo lilikuwa jibu langu, naye alilipokea akiitikia kwa kichwa. Swedi alikunywa baada yangu, meno yake yakigonga ukingo. Kisha tukamgeukia Silasi sote watatu.

Mdogo wangu aliweka kikombe chake mezani, kikiwa kimejaa, karibu na mashine. "Mimi sina kiu, Kapiteni," alisema.

"Siku iko na jua."

"Sina kiu."

Kapiteni aliifunga mashine yake. Alimshukuru Swedi, alimlipa kwa kazi, akaitia mashine kwapani. Mlangoni alisimama karibu nami, karibu kiasi cha kunusa sabuni yake, akaniambia kwa wema, kama mtu anayempa jirani habari za hali ya njia, "Mdogo wako haiko na kiu. Ni vizuri. Kutoka hapa mpaka Tanzania ni mbali, na mtu mwenye kiu anasumbuka njiani. Mi ningekuwa yeye, ningeondoka kabla mvua hazijarudi." Akatazama mbingu, ambazo tayari zilikuwa na mawingu.

Hatukungoja kesho. Lori la mfanyabiashara wa Muyinga lilikuwa likipakia mitungi karibu na soko, tukapanda, nikimwacha Neema kwa Mwajuma. Silasi hakubeba godoro. Alibeba fulana mbili na koti, na mara kwa mara mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukagusa kitu chembamba, ukarudi. Nilielewa kwamba picha za wale wanaume hakuwa amezifuta; alikuwa amezibeba. Sikumwuliza, kwa sababu asiyeuliza anaweza kuapa kwamba hajui.

Giteranyi ina njia nyingi za kwenda ng'ambo ambazo hazina lango wala askari, njia za baiskeli na za miguu, na katika mojawapo ya hizo ndipo nilipomsindikiza, kwa njia ile ile ambayo sisi tulioitwa waliorudi tulikuwa tumeapa kutoipita tena. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Vijana wawili wenye baiskeli walitupita wamebeba mikungu ya ndizi, wakatuamkia kwa furaha. Tulifika mahali ambapo majani hubadilika kidogo, na hapo wenyeji husema ndipo nchi inapokwisha.

"Dada," alisema, "ulikunywa kwa nini?"

"Ili mmoja wetu abaki."

"Na wale walioketi chini?"

"Wale si wetu, Silasi. Hatuwajui hata majina."

Alifunga vifungo vya koti lake, akaanzia chini kwenda juu, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. "Hata sisi kule kambini," alisema, "hatukuwa wa mtu." Akavuka. Aliangalia miguu yake tu alipokuwa akienda, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi, na ukungu ukamfikia magotini, kisha mabegani.

Kabla mvua hazijaanza, mjumbe wa wazee alikuja kuniambia kwamba suala la shamba letu limekwisha, na kwamba wale waliokuwa ndani yake wamekwisha kuhamia kwa ndugu zao. Wengine waliorudi pamoja nasi waliendelea kusubiri, na wako wanaosubiri hadi leo. Mjumbe alingoja nimwulize ni nani aliyetusemea. Sikumwuliza; nilikikumbuka kikombe nilichokigeuza. Nilichukua jembe, nikateremka kwa njia iendayo mtoni, nikapita mawe makubwa yaliyo upande wa kushoto, nikaanza kulima.